Uji wa Mgonjwa Asiyeumwa

Nyumbani kwa kina Jesca, Mji Mpya, Morogoro, kuna mkeka ambao haukosi mtu. Jesca ni msusi. Yeye hukaa juu, kwenye kiti chake cha magurudumu. Mteja hukaa chini mkekani, kainamisha shingo, anavumilia. Wasusi wengine huhangaika kutafuta kiti. Jesca alikuja kazini na cha kwake.

"Nywele zako ngumu, dada," humwambia mteja. "Hata kitana kinaomba likizo."

Mteja hucheka. Kisha hukumbuka kile kiti, na kicheko hukatika katikati.

"Pole, mdogo wangu," husema.

Pole hizo ndizo zilizomchosha Jesca. Miaka mitatu iliyopita alipata ajali ya bodaboda karibu na Mikese. Uti wa mgongo uliumia, na miguu haikurudi kazini. Alilazwa, akatibiwa, akafundishwa kuishi na kiti. Vidonda vilipona. Dawa ziliisha. Pole hazikuisha.

Aliyemuumiza zaidi ni Brian, mtoto wa mjomba wake. Hao ni mabinamu, na kwao binamu asiyekutania ana jambo moyoni. Zamani Brian alimwita Jesca "Debe Tupu" kwa sababu ya mdomo wake. Jesca naye alimwita "Kisiki" kwa sababu ya uvivu wake. Wakikutana, watu waliacha kazi ili wasikilize.

Siku hizi Brian akija, hukaa ukingoni mwa kigoda.

"Pole, dada," husema. "Mungu yupo."

"Yupo," hujibu Jesca. "Na wewe Kisiki, upo?"

Brian hutazama simu yake. Baadaye huaga. Mara ya mwisho Jesca kutaniwa na mtu wa ukoo ilikuwa kabla ya ajali. Aliikumbuka siku hiyo kama watu wanavyokumbuka sikukuu.

*

Kila mwaka, baada ya mavuno, ukoo wao hukusanyika Matombo kwa Bibi. Huchinjwa kuku, hupikwa wali na ndizi, na wote hula sinia moja. Nyumba ya Bibi iko juu mlimani. Njia yake ni mawe na mteremko, hata mbuzi hupanda huku akilalamika. Tangu ajali, Jesca hakwenda tena. Kila mwaka aliletewa chakula kwenye kontena la plastiki, kimepoa.

Mwaka huu Bibi alipiga simu.

"Yule mjukuu wangu hawezi kupanda," alisema. "Basi sisi tutashuka. Mimi mwenyewe nitashuka Jumapili baada ya misa. Magoti yangu mabaya, huenda nisishuke tena. Nataka nile naye sinia moja."

Jesca alisikia maneno hayo kwenye spika ya simu. Usiku huo alijisuka mwenyewe, bila kioo.

Huko chini bondeni kuna hoteli ndogo. Inaitwa Kasimiri Beach. Bahari iko mbali sana na Matombo, lakini hilo halikumzuia mzee Kasimiri. Mto hupinda karibu na shamba lake la migomba na kuacha mchanga mweupe. Kasimiri alitazama mchanga ule, akajenga vyumba vichache na miavuli ya nyasi, akaandika "Beach" ukutani. Nani atabisha? Mchanga upo, maji yapo.

Mama yake Jesca, Veronika, alipiga simu kuomba vyumba.

"Kasimiri Beach, karibu ufukweni."

"Asante, kaka. Tunakuja Jumamosi, ukoo mzima. Ila tuna mgonjwa wetu. Yuko kwenye kiti cha magurudumu. Hapo atapaweza?"

"Hakuna shida, mama."

"Kweli?"

"Hakuna shida kabisa."

Mama alishukuru, akakata. Jesca alikuwa palepale, anamalizia kichwa cha mteja. Hakuna aliyemuuliza neno.

"Hakuna shida" ni neno tamu. Lakini halikuambii mlango una upana gani. Halikuambii ngazi ziko ngapi. Halikuambii choo kikoje. Ni kama kumuuliza mtu njia ya Mzumbe, naye akakujibu, "Utafika."

*

Walifika Jumamosi mchana. Barabara iliwarusha mpaka meno yakagongana. Kasimiri aliwapokea getini, kavaa kofia ya majani kama mvuvi wa Pwani.

"Shikamoo," alisema Jesca.

"Marahaba. Pole sana, binti." Kisha Kasimiri akainua macho, akamtazama Mama. "Mgonjwa kasafiri salama? Anakula nini?"

"Anakula chochote kisichokimbia," alijibu Jesca.

Hakuna aliyecheka. "Jesca," alisema Mama kwa sauti ya chini.

Kasimiri ni mtu mwema. Hilo lazima lisemwe. Alisikia neno "mgonjwa" kwenye simu, akajiandaa kwa moyo wote. Alimtengea Jesca chumba cha nyuma kabisa, mbali na kelele. Alifunga pazia ili mwanga usimsumbue. Mlangoni alibandika kipande cha boksi: KIMYA, KUNA MGONJWA. Na alimwambia mpishi apike uji mwepesi, usiokuwa na mafuta wala pilipili.

Chumba hakikuwa na ngazi, ila choo kilikuwa nje, hatua chache kutoka mlangoni. Jesca alikisogelea. Kiti kiligonga fremu. Pungufu ya vidole vitatu tu, kiti hakipiti. Alijaribu tena kwa pembe. Hakipiti. Ndani kulikuwa na choo cha kuchuchumaa.

Alirudi chumbani. Mama alikuwa ameacha chupa kubwa ya maji juu ya meza. Jesca aliitazama, akaisukuma mbali. Asiyekunywa haendi chooni. Hiyo ilikuwa hesabu yake, na hakumwambia mtu. Nyumbani mama yake humwekea beseni, lakini aliona aibu kuliomba hapa, mbele ya ukoo mzima.

Jioni Brian alikuja na wanaume wawili wa ukoo. Walisimama mlangoni, wanajifuta mikono.

"Dada, tunakula kule mchangani," alisema Brian. "Kuna ngazi pale barazani, na kiti kitazama. Tutakubeba."

"Sitaki kubebwa."

"Mara moja tu."

Jesca alivuta sketi yake magotini. Mwaka uliopita walimbeba kwenye arusi ya jirani. Mmoja alishika mikono, mwingine miguu, kama gunia la mpunga. Sketi ilipanda mpaka mapajani. Watu walitazama pembeni, na kule kutazama pembeni ndiko kulikomchoma.

"Sitaki," alirudia.

"Basi pumzika, mwanangu," alisema Mama. "Safari imekuchosha. Kesho Bibi atakuja kukuona hapa chumbani."

Wakaondoka. Mama alisema kwa upendo, na mlango ukafungwa kwa upendo.

Jesca alikaa gizani akiwasikiliza. Mchangani watu walikuwa wanagombania nyama. Mtu alipiga kelele kwamba ameibiwa paja. Mwingine alisema mwizi ana mafuta kwenye ndevu. Vicheko vilipanda, vikashuka, vikapanda tena. Ukoo mzima ulikuwa umeteremka mlima kwa ajili yake, na yeye alikuwa nyuma ya hoteli na kikombe cha uji.

Uji ulikuwa mzuri, kusema kweli. Lakini uji haugombaniwi.

*

Asubuhi ya Jumapili mwanamke mmoja alipita nyuma ya vyumba akitafuta kamba ya kuanikia taulo. Jina lake Shabnam. Ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro mjini, na alikuwa amekuja kupumzika. Alisoma kile kipande cha boksi, akaanza kunyata kwa ncha za vidole. Mlango ulikuwa wazi. Akamwona Jesca na kikombe kingine cha uji.

"Samahani, dada," alinong'ona Shabnam. "Pole. Unaumwa nini?"

"Siumwi," alinong'ona Jesca.

"Sasa mbona tunanong'ona?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyeanza."

Shabnam alicheka. Jesca alisubiri kicheko kikatike. Hakikukatika. Shabnam aliketi kwenye kizingiti na taulo lake begani.

"Na huo uji?"

"Ni wa mgonjwa. Yuko humu, ila mimi mwenyewe sijamwona."

"Na wenzako?"

"Kule mchangani. Mchana Bibi anakuja, tulipanga kula sinia moja. Sasa wameamua atakuja kuniona hapa, kama watu wanavyokwenda wodini. Akishapanda mlima, hashuki tena."

Shabnam alitazama kiti, kisha mlango wa choo. Alinyanyuka, akapima mlango kwa kiganja. Akarudi, akapima kiti.

"Kinachokuzuia si miguu," alisema. "Ni huu mlango, zile ngazi, na mchanga. Mzee wangu, Abdulswamad, alipooza. Sisi tunauza saruji na mbao, tumejenga nusu ya mji. Lakini mlangoni petu palikuwa na ngazi mbili, na kila siku tulisema kesho tutatengeneza. Tukampa kiti dirishani. Tukamletea chai, juisi, redio. Hatukumnyima kitu."

"Mlikuja kuzitengeneza?"

"Ndiyo, tukajenga njia ya mteremko, nzuri sana. Nikamwambia, 'Baba, twende nje.' Akanitazama. Akasema, 'Kufanya nini?' Alikuwa amekwisha kuzoea dirisha."

Kule mtoni mtu alikuwa anafua.

"Wewe umeanza kuzoea?" aliuliza Shabnam.

Jesca alitazama uji. "Jana usiku," alisema, "kidogo."

*

Mama alikuja kuchukua kikombe. Alimkuta mgeni kizingitini.

"Shikamoo, mama," alisema Shabnam.

"Marahaba, mwanangu. Usimchoshe mgonjwa wangu."

"Mama," alisema Jesca. "Naumwa nini?"

Mama alisimama. "Unauliza nini tena?"

"Naumwa nini? Nina homa? Nakohoa?"

"Hapana, lakini..."

"Siwezi kutembea. Lakini siumwi. Ulisema 'mgonjwa' kwenye simu, nikapewa chumba cha mgonjwa na uji wa mgonjwa. Ukiendelea hivi, kweli nitaumwa. Tangu jana mchana sijanywa maji."

"Kwa nini? Chupa si ile pale?"

"Kwa sababu kiti hakipiti mlango wa choo."

Mama aliangalia chupa. Haikuwa imefunguliwa. Aliketi kitandani polepole, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Hiyo ni hatari," alisema Shabnam. "Madaktari walituambia kwa baba. Mtu aliyeumia uti wa mgongo akijinyima maji, mkojo unakuwa mzito, maambukizi yanaingia, na figo zinaweza kuharibika. Wengine hata maumivu hawayasikii. Wanakuja kugundua wakiwa na homa kali."

"Mbona hukuniambia?" Mama alimuuliza Jesca.

"Hukuniuliza, Mama. Ulimuuliza Kasimiri."

Mama aliinuka, akafungua chupa na kummiminia maji. Kisha akaenda mlangoni, akabandua kile kipande cha boksi.

"Haya," alisema. "Nakuuliza wewe. Tufanye nini?"

Tangu ajali, hakuna aliyewahi kumuuliza Jesca swali hilo. Mwanzo alikosa la kusema, yeye Debe Tupu. Halafu akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka kila mtu alipopata kazi.

*

Kasimiri aliitwa. Alifika na kofia yake.

"Mlango wa choo ung'olewe," alisema Jesca. "Ukitoka na bawaba zake, nitapita. Tundikeni pazia zito. Na ndani nahitaji kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kikae juu ya tundu, kisitikisike."

"Kutoboa kiti changu?" aliuliza Kasimiri.

"Mzee," alisema Shabnam, "una viti vingi vilivyovunjika mgongo. Kimoja kikivunjika makalio kuna ubaya gani?"

Mlango ukang'olewa. Kiti kikapita, kikigusa fremu kidogo tu. Jesca alikunywa chupa nzima ya maji, na hakuna aliyemuuliza alikokwenda baadaye.

Zikabaki ngazi za barazani. Kasimiri alileta ubao mfupi, akauegemeza. Ulisimama wima karibu kama ngazi ya kupakia matofali.

"Huo si wa kuteremka," alisema Jesca. "Huo ni wa kunirusha mtoni."

"Pima kwa shubiri," alisema Shabnam. "Kwa kila shubiri moja ya kwenda juu, ubao uende shubiri kumi na mbili mbele. Ukiwa mfupi, mteremko unakuwa mkali, na kiti kinapinduka."

Kasimiri alitandaza kiganja chake na kupima ngazi. Zilikuwa shubiri moja na nusu. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Shubiri kumi na nane? Huo si ubao, ni barabara."

"Ndiyo tunayoitaka, mzee. Barabara."

Alikuwa na mbao ndefu za paa. Wakaunganisha mbao pana, wakaweka nguzo fupi chini zisibonyee. Pembeni wakapigilia vipande vyembamba ili gurudumu lisitoke. Brian alishika nyundo. Aligonga misumari kama mtu anayedaiwa nayo.

Mchana Jesca alitoka chumbani, akapita barazani na kuteremka ubao ule mwenyewe, mikono yake kwenye magurudumu. Alifika mwisho. Mbele yake kulikuwa na mchanga, na mbele ya mchanga watu wote.

Brian alisogea. Alinyoosha mikono, akairudisha.

"Sijui nishike wapi," alisema.

"Uliza."

"Nishike wapi?"

"Vishikio vya nyuma. Usinisukume mbele, magurudumu madogo yatazama. Nigeuze, nivute kinyumenyume."

Brian alimgeuza. Magurudumu makubwa yakatangulia, na kiti kikapita mchangani kwa shida, lakini kikapita. Jesca alisafiri akiitazama milima, na ukoo wake ukiwa nyuma yake. Hakuona nyuso zao.

"Hapa utazama ukikaa," alisema Brian. Alitazama huku na huku. Akakimbia, akarudi na mbao pana, akaitandika chini. Kiti kikapanda juu yake na kutulia.

*

Bibi alifika na fimbo yake. Kwenye ngazi alisimama, akaona ule ubao, akaukanyaga kwa wasiwasi, kisha akateremka nao taratibu.

"Nani kanikumbuka?" aliuliza. "Magoti yangu yanamshukuru."

Sinia lilikuwa chini, juu ya mkeka. Jesca kwenye kiti chake alikuwa juu. Mkono haukufika. Mama aliliona hilo. Safari hii hakuchukua sahani.

"Jesca, tufanyeje?"

"Tuinue sinia, Mama."

Wakaleta kreti za soda, wakazipanga, wakaweka sinia juu. Wengine wakavuta mabenchi. Bibi alikaa benchini, akanyoosha miguu kwa raha.

"Miaka yote nimekaa chini kwa adabu tu," alisema. "Kumbe ilikuwa inawezekana." Alimtazama Jesca kwa muda mrefu. Macho yake yalilengwa na machozi, na Jesca akajiandaa kupokea pole nyingine.

"Waliniambia mgonjwa," alisema Bibi. "Mgonjwa mwenye mashavu haya? Mimi ndiye mgonjwa. Sogea, usinizibie nyama."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajizuia.

Wakanawa. Mikono ikaingia siniani. Jesca aliona firigisi imejificha chini ya wali. Kila mtu pale alijua firigisi ni ya wanaume. Akaichukua, akaitia mdomoni.

"Hiyo ilikuwa yangu," alisema Brian.

"Mimi mgonjwa," alisema Jesca, anatafuna.

Brian alimtazama Mama, akamtazama Bibi, kisha akatazama chini, kwenye ile mbao aliyoitandika. Bawaba zake zilikuwa bado zimening'inia.

"Mgonjwa anywe uji," alisema Brian polepole. "Na nimeona mengi ukoo huu. Lakini mtu anayeiba firigisi huku kakaa juu ya mlango wa choo, leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Mama alishika kinywa. Mto ulisikika.

"Kisiki," alisema Jesca, "miaka mitatu ulikuwa wapi?"

Brian alivuta mnofu kutoka upande wake wa sinia, akausogeza upande wa Jesca. Kabla Jesca hajaushika, akaurudisha na kuula yeye. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wote wakafuata.

*

Ubao wa Kasimiri sasa ni wa saruji. Choo kimoja kina mlango mpana na kiti cha kukalia. Simu yake bado ni ileile. Majuzi ililia, na mpishi alikuwepo akasikia.

"Kasimiri Beach, karibu ufukweni."

Kasimiri akasikiliza.

"Mgonjwa? Anaumwa nini?"

Akasikiliza tena.

"Haumwi, ila anatumia kiti? Basi huyo si mgonjwa, bwana." Alivuta kofia yake nyuma, akatandaza kiganja mezani, tayari kupima. "Mpe simu niongee naye mwenyewe."